Nyumba nimeijenga kwa jasho langu: kwa nini niseme ni Mungu tu?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni fundi seremala. Nyumba yangu nimeijenga kidogo kidogo kwa miaka tisa, nikinunua saruji mifuko miwili miwili. Siku ya kuiweka wakfu, mzee wa kanisa aliomba akisema, "Bwana, mtumishi wako hakufanya lolote, yote umefanya wewe." Niliitikia amina, lakini moyoni nilikasirika, nikajiuliza: nilipokuwa nikibeba matofali, Mungu alikuwa wapi? Sasa mke wangu anataka tuandike juu ya mlango "Ni Mungu tu". Je, nimekufuru?

JIBU: Amina, ndugu yangu. Hukukufuru. Mzee aliomba kwa nia njema, lakini maneno yake yalivuka mpaka, maana Maandiko hayasemi hivyo. Kumbukumbu la Torati sura ya 8 inazungumza na mtu wa hali yako hasa: Musa anawaonya Waisraeli kwamba watakapokuwa wamekula wakashiba, wakajenga nyumba nzuri na kukaa ndani yake, wasije wakasema mioyoni mwao kuwa uwezo wa mikono yao ndio uliowapatia utajiri. Tazama anavyowarekebisha katika mstari wa 18. Hawaambii kwamba hawakufanya kazi. Anawaambia wamkumbuke Bwana, "maana ndiye akupaye nguvu za kupata utajiri". Kazi inabaki kuwa yao, na nguvu zilizoifanya kazi hiyo zinatajwa kuwa zawadi.

Tatizo letu ni kwamba tunamfikiria Mungu na mwanadamu kama watu wawili waliobeba boriti moja, ambapo mmoja akibeba zaidi mwenzake amepunguziwa. Kwa hiyo, ili tumpe Mungu sifa yote, tunaona ni lazima mwanadamu ahesabiwe kuwa hakugusa kitu. Lakini Muumba si mwenzako wa upande wa pili wa boriti. Fikiri kabati ulilolitengeneza mwaka jana. Limesimama nyumbani kwa mteja, na hata ungekufa leo, bawaba zake zisingetikisika. Wengi hudhani Mungu aliumba kwa namna hiyo, akapiga msumari wa mwisho, akafunga karakana. Imani ya Kikristo inafundisha jambo zito zaidi: sisi tunafanana na mwanga wa taa ya sebuleni kwako, ambayo umeme ukikatika haibaki na mwanga wa akiba wa jana, bali giza linaingia papo hapo. Ndivyo Zaburi 104:29 inavyosema juu ya viumbe vyote, kwamba Mungu akiiondoa pumzi yao wanakufa na kuyarudia mavumbi yao. Ndivyo pia Paulo alivyowaambia watu wa Athene pale Areopago, kwamba Mungu hahitaji kitu chochote, bali ndiye anayewapa wote uzima na pumzi, na kwamba "ndani yake yeye tunaishi, tunakwenda, na kuwa na uhai wetu".

Basi ulipokuwa ukibeba matofali, alikuwa akiupa uhai mkono uliobeba, akiufanya udongo uwe udongo na moto wa tanuru uwe moto. Uzito wa tofali uliusikia wewe, na hakuna anayekunyang'anya uchovu huo. Hata hivyo, hasira yako nayo ichunguze. Mafundi stadi kuliko wewe wamepatwa na kiharusi, randa zao zikabaki zimetundikwa ukutani, wala ustadi wao haukuwa pungufu.

Suala hili ni la kale, tena lilijadiliwa kwa ukali katika bara letu. Augustino, askofu wa Hippo, mji ulioko katika Algeria ya leo, alimwomba Mungu ampe kile anachoamuru, kisha aamuru apendacho. Pelagio, mwalimu aliyesisitiza sana juhudi ya mwanadamu, aliposikia sala hiyo ikinukuliwa Roma hakuweza kuivumilia. Mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Karthago wa mwaka 418 ulikataa mafundisho ya Pelagio, na Augustino hakuchoka kurudia swali la 1 Wakorintho 4:7, "Nawe una nini usichokipokea?" Lakini Paulo huyo huyo, katika sura ya 15 mstari wa 10 wa waraka huo, haoni haya kusema kwamba alifanya kazi kuliko mitume wote, kisha anaongeza kwamba si yeye, bali neema ya Mungu pamoja naye. Hajifanyi hakuchoka.

Niseme na hili, kwa kuwa wewe ni fundi. Wako wanaotamka "yote ni Mungu" mbele ya jengo jipya ilhali mafundi wake hawajalipwa. Yakobo 5:4 inasema kwamba kilio cha wavunaji walionyimwa ujira kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kumtegemea Mungu hakufuti deni la mtu.

Kuhusu mlango wako, maneno anayoyataka mama watoto si uongo, mradi myasome kama Musa alivyofundisha. Yakiendelea kukukwaza, zungumza naye mchague Zaburi 127:1, "Bwana asipoijenga nyumba, waijengao wafanya kazi bure." Humo Bwana anajenga, na wajenzi nao wamo. Ni maneno saba tu, yataenea kwenye ubao mmoja wa mninga, na kuyachonga ni kazi yako.