Soko la usiku la Raohe, Taipei: ushauri kwa asiyekula nguruwe

Ndugu na marafiki wanaokwenda Taipei, wengine kusoma, wengine kufuata bidhaa, huniuliza swali lile lile: Mwislamu akienda kwenye masoko ya usiku anapata cha kula, au anaambulia picha tu? Nawajibu kwamba anakula na kushiba. Na akitaka kujua aanzie wapi, namwelekeza Raohe kabla ya Shilin, soko jingine la usiku la mji huo.

Shilin ni kubwa na ndiyo yenye jina, ila imetawanyika kwenye vichochoro vingi, na mgeni humaliza nguvu kwa kutafuta njia. Raohe ni mtaa mmoja ulionyooka, wenye urefu wa mita 600 hivi. Unapanda metro ya njia ya kijani hadi mwisho wake, Songshan, unatokea mlango namba 5, na hekalu la Ciyou liko mbele yako. Limejengwa mwaka 1753 kwa ajili ya Mazu, ambaye mabaharia wa huko humwomba awalinde baharini. Lango la soko liko pembeni yake. Vibanda hufunguliwa kuanzia kama saa kumi na moja jioni. Nenda siku za katikati ya wiki ukiweza, maana Ijumaa na Jumamosi utasukumwa na umati hata kibanda ulichokitaka ukipite bila kukiona.

Katikati ya barabara kuna vibanda vilivyopeana migongo, na watu hushika kulia: unakwenda upande huu, unarudi upande ule. Kwa hiyo zunguka mara moja kwanza bila kununua kitu. Nalisisitiza hili kwa sababu foleni ndefu kuliko zote iko pale pale langoni, na wageni wengi hushibia hapo kabla hawajaona kitu kingine.

Foleni hiyo ni ya hujiao bing, mkate mdogo wa mviringo uliojazwa nyama ya nguruwe, pilipili manga na majani ya vitunguu kwa wingi, ukanyunyiziwa ufuta juu. Kibanda chenyewe kiliingia mwaka 2018 katika Bib Gourmand, orodha ya vyakula vizuri vya bei nafuu ya Michelin, kile kitabu cha kupima migahawa. Hata kama huli, simama utazame. Vijana wanakanda na kujaza kwa kasi ya ajabu, kisha wanaibandika ukutani ndani ya tanuri la udongo lenye makaa, vile vile bibi zetu walivyobandika mkate wa mofa. Kama wewe ni mlaji wa nguruwe, usiung'ate mara tu ukipewa. Toboa kidogo, acha mvuke utoke, kwa sababu mchuzi ulio ndani unaunguza ulimi. Walaji hao hao nawashauri pia supu ya mbavu iliyochemshwa na dawa za miti za Kichina. Kuna vibanda vya siku nyingi vinavyoiuza, na usiku wa baridi wa Januari wenyeji hujaa humo.

Sasa nizungumze na sisi tusiokula. Watu wengi huuliza nyama tu na kusahau mafuta. Taiwan hupikia sana mafuta ya nguruwe, na yanaweza kuwemo mahali usipoyategemea. Mfano ni kimanda cha chaza, chakula maarufu mno cha masoko haya: chaza wadogo, mayai, mboga za majani na uji wa wanga unaoganda kwenye kikaango, halafu mchuzi mwekundu mtamu juu. Ukikitazama huoni nyama hata kidogo, lakini kikaango mara nyingi kimepakwa mafuta ya nguruwe. Tofu inayonuka nayo ni hivyo hivyo. Harufu yake utaikuta kabla hujakiona kibanda, nayo hutokana na maji ya kuchachushia ambayo kila mpishi ana siri yake. Wengine hutia kamba au nyama humo. Uliza kabla, au iache.

Hifadhi sentensi hii kwenye simu na umwonyeshe muuzaji: 我不吃豬肉,也不吃豬油. Maana yake, sili nyama ya nguruwe wala mafuta yake. Wauzaji niliowaonyesha waliisoma kwa makini, na kama chakula hakikunifaa walinikatalia wenyewe, wengine wakaninyooshea kidole kibanda cha jirani. Nimewapenda sana kwa uaminifu huo. Tafuta pia alama ya 素, yaani chakula kisicho na nyama, maana Wabudha wengi huko hawali nyama kabisa. Kuku na ng'ombe ni suala la uchinjaji, na hapo kila mtu na msimamo wake. Mimi nyama huila kwenye migahawa yenye cheti cha halali tu, na sokoni nabaki na vitu vya baharini, mboga na vitamu.

Na vitamu ndivyo vilivyonifanya niipende Raohe. Anza na mipira ya viazi vitamu: viazi vilivyopondwa na wanga, vinakaangwa huku mpishi akiikandamiza kwa kijiko kikubwa, inavimba na kubaki tupu ndani, nje inakwaruza, katikati inavutika. Ngisi wa kuchoma yupo pia, ila omba chumvi na pilipili tu, kwa kuwa baadhi ya michuzi ya kupaka ina pombe ya mchele. Halafu tafuta muuzaji mwenye bonge la kashata ya njugu. Analiparua kwa randa, randa ile ile ya seremala, unga unamwagika juu ya mkate mwembamba, anaweka aiskrimu ya magimbi au nanasi, anatia kotmiri mbichi, anakunja. Kotmiri usiikatae! Bila hiyo utamu unakinaisha.

Kiu ikikubana, kunywa aiyu, jeli ya mbegu za aina ya mtini inayoota Taiwan, zinasuguliwa ndani ya maji mpaka yanaganda yenyewe bila moto, kisha inatiwa ndimu. Chai ya maziwa yenye vidonge vyeusi bila shaka unaijua. Vidonge hivyo ni wanga wa muhogo. Muuzaji atakuuliza kiasi cha sukari na barafu. Mwambie sukari nusu, nayo itatosha. Majira ya baridi utakuta matopetope makubwa kuliko ya kwetu, matamu kama asali.

Beba pesa taslimu za noti ndogo na sarafu, kwani si kila kibanda kinapokea kadi. Beba na mfuko wako wa taka, mapipa ni machache mno mitaani. Nendeni wawili au watatu mgawane, ndipo mtaonja vingi.

Chai yako imalize kabla ya kupita geti la metro. Humo ndani ni marufuku kula na kunywa chochote, hata maji na ubani wa kutafuna, na faini huanzia dola 1,500 za Taiwan.