Mwanya Ulikuwa Sawa: kwa vijana wapya wa genge la njia ya reli

Juzi nilisimama pembeni ya yadi nikawatazama vijana wanne wakifunga chekireli, ile reli fupi inayolala sambamba na reli kubwa, kwenye krosingi, pale reli mbili zinapokatana, iliyobadilishwa mataruma, yaani magogo yanayobeba reli. Wanajituma, sikatai. Jasho linawatiririka, spana wameiongezea bomba ili bolti zikaze vizuri. Walipomaliza, mmoja wao akainama, akachomeka vidole viwili kwenye mwanya kati ya chekireli na reli, akainuka na kusema, "Iko poa, mzee." Wenzake wakaanza kukusanya vyombo.

Tumbo lilinikaza. Nimeiona picha hiyo hiyo miaka mingi iliyopita, na aliyesema iko poa nilikuwa mimi. Nikawaambia waweke vyombo chini. Yaliyofuata nitayaeleza mwishoni, kwanza niwaandikie haya, maana kila genge jipya linapoingia kazini narudia maneno yale yale na sauti yangu si ya zamani.

1. Jueni kila reli ya ulinzi inalinda nini. Chekireli ya krosingi inalinda pua, ile ncha ya chuma katikati ya krosingi ambapo njia mbili zinaachana. Chekireli ya kwenye kona kali inashika mgongo wa gurudumu la ndani ili lile la nje lisipande reli. Gadireli ya darajani ni habari nyingine kabisa: yenyewe inalisubiri gurudumu ambalo tayari limeanguka, liendelee kutambaa karibu na reli mpaka treni isimame, behewa lisiende kuning'inia juu ya maji. Ndiyo maana mwanya wake ni mpana. Niliwahi kumkuta kijana darajani amefungua nusu ya gadireli na anaisogeza kwenye reli, kwa sababu aliona mwanya "umezidi" ukilinganisha na wa stesheni. Alikuwa peke yake, juani, anafanya kazi kwa moyo wote, na kila bolti aliyoigusa alikuwa anaharibu. Sikumfokea. Aliyemtuma alimwambia "kaangalie reli za ulinzi" akaishia hapo, basi naye akazipima zote kwa kipimo kimoja alichokijua.

2. Msipime mwanya peke yake. Hapa naomba mtulie, maana nitachukua muda.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini. Tulibadilisha mataruma ya mbao chini ya krosingi, kwenye pointi, pale treni inapobadili njia, ya kuingilia lupu, yaani njia ya pembeni ya kupishania treni, stesheni moja ndogo ya reli ya mita moja. Mnyapara wetu alikuwa ameitwa kwingine, akaniachia kazi. Mwaka wa pili, nimeachiwa krosingi! Nilikuwa nimejichongea kipande cha mninga chenye upana wa milimita 42 kamili, nimekipiga msasa, nakitembeza mfukoni. Mchoro wetu ulitaka mwanya wa 41 hadi 44. Tulipokaza bolti za mwisho nilikipitisha kipande changu kwenye chekireli, toka mdomo mmoja mpaka wa pili. Kiliteleza bila kukwama na bila kucheza. Nikaweka sahihi kwenye daftari. Wingu lilikuwa limeshatanda, tukarudi kambini kabla ya mvua.

Geji, yaani upana kati ya reli mbili za njia, niliipima pia, msidhani sikuipima. Niliipima kisiginoni, mwisho wa nyuma wa krosingi, ikasoma milimita 1000. Kwenye pua sikuiweka. Huko ndiko taruma mpya lilikotobolewa vibaya, na tulipokaza, upande wa pua ulivutwa ndani.

Siku ya kwanza treni zilipita. Siku ya pili asubuhi nilipita pale na toroli, nikaona kwenye pua alama inayong'aa, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, kama chuma kilichogongwa nyundo. Nilisimama. Niliinama hata nikaigusa, ilikuwa laini na kando yake kulikuwa na ukali kidogo. Nikajiambia ni ya zamani. Wadogo zangu, pua ile nilikuwa nimeifuta vumbi kwa mkono wangu siku mbili kabla, na alama ile haikuwepo. Nilijua haikuwepo. Ila kukubali kwamba ni mpya ilikuwa ni kukubali kuomba njia ifungwe, kufungua bolti zote, na kumwambia mnyapara kwamba kazi aliyoniachia imeharibika. Nikapanda toroli nikaondoka.

Siku ya tatu jioni injini ilikuwa inasukuma mabehewa matupu kuingia lupu, mwendo wa mtu anayetembea. Behewa la tatu, gurudumu la mbele likapiga pua na kupita upande usio wake. Shanta, mfanyakazi anayeongoza mabehewa yanapopangwa, alikuwa amesimama kwenye ngazi ya behewa lile. Alipoona linapanda aliruka, akatua kwenye kokoto vibaya, mguu ukavunjika chini ya goti. Nilikuwa mita kama hamsini. Sauti ya behewa kushuka kwenye mataruma naikumbuka, ila iliyonikaa zaidi ni yake, hakupiga kelele, alikuwa anaita jina la mtoto wake.

Mkaguzi wa njia alifika kesho yake. Hakuniuliza nimesoma wapi wala nina muda gani kazini. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniwekea mkononi chuma cha kupimia geji na kunionyesha pua.

"Soma."

"993."

"Mwanya wa chekireli?"

Nikapitisha kipande changu cha mninga. Kiliteleza vile vile. "42."

"Toa."

Nikatoa. 951.

"Geji ingekuwa 1000 ungepata ngapi?"

"958."

Akanyamaza. Mwanya ulikuwa sawa kabisa na pua ilikuwa inapigwa. Magurudumu mawili yameshindiliwa kwenye ekseli moja, umbali wa kati yao haubadiliki kwa kuwa wewe umekosea taruma. Chekireli inamshika huyu mgongo ili mwenzake wa ng'ambo asiiguse pua. Ukiileta pua karibu kwa milimita 7, chekireli inabaki pale pale ikiwa nzuri, lakini haina tena inachokizuia, gurudumu likiyumba kidogo tu linakutana na chuma. Kwa hiyo kipimo chenyewe ni kutoka uso wa chekireli hadi pua. Geji sahihi kwanza, kwenye pua, halafu mwanya, halafu toa. Hesabu ya darasa la tatu, na mimi sikuifanya.

Yule shanta alilala hospitali wiki nyingi. Nilienda kumwona Jumapili ya kwanza nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Mkewe alinikaribisha, akanipisha kiti chake, akanimiminia chai kutoka chupa aliyomletea mgonjwa. Nilimweleza mumewe kila kitu, pamoja na ile alama ya siku ya pili. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa umeshaitengeneza?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya, kunywa chai." Alirudi kazini akichechemea, na hadi anastaafu alichechemea. Kipande cha mninga ninacho hadi leo, sijakitumia tena.

3. Bolti na bloku, vile vipande vya chuma vinavyoshikilia chekireli: zigonge kwa nyundo usikilize, inayolia wazi imekaza, inayolia bubu imelegea, na msisubiri iporomoke. Chekireli ikiliwa na magurudumu mwanya unapanuka, urekebisheni mapema.

4. Kwenye kivuko cha barabara, mwanya ni jalala. Udongo wa malori, kokoto, vifuniko vya soda. Mvua ikikata jua likawaka, uchafu ule unakuwa tofali na gurudumu linapanda juu yake. Beba mtaimbo, zibua kila unapopita.

5. Gadireli za darajani zikitolewa zirudi siku hiyo hiyo. Najua mtaniambia njia ilifunguliwa muda umekwisha, treni ilikuwa inasubiri stesheni ya jirani. Basi msitoe nyingi kuliko mnazoweza kurudisha. Wenzangu wa kipande cha Kilosa na Gulwe wanaujua Mto Mkondoa, wanakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalivyolizoa tuta la reli. Baada ya maji kama yale kila mtu anakimbilia reli kubwa, treni zipite, na gadireli zinabaki zimelala kando ya daraja kama kuni. Wakati huo ndipo njia imelegea, ndipo gurudumu lina uwezekano wa kuanguka. Nawaomba sana katika hili. Na ncha zake zisibaki zimesimama: zikunjwe chini, zikutane katikati nje ya daraja, zikingwe kwa gogo. Ncha iliyosimama inanasa mnyororo unaoning'inia chini ya behewa, na mkishanasa ule mnyororo gadireli nzima inang'oka ikiwa juu ya daraja.

6. Geji haiazimwi. Reli ya Kati ni milimita 1000, TAZARA, ile ya kwenda Zambia, ni 1067, SGR, ile reli mpya ya kisasa, ni 1435, na Kidatu mbili za kwanza zinakutana mahali pamoja. Mnaohamia SGR mtakuta mataruma ya zege na namba nyingine kabisa. Chukueni mchoro wa huko, hesabu ya kutoa ni ile ile.

7. Vidole na miguu. Usichomeke kidole kwenye mwanya wa pointi hata ukiambiwa zimefungwa. Na kiatu kikinasa kwenye chekireli, fungua kamba, toa mguu, kiache. Tulikuwa na mwenzetu aliyenunua buti mpya kwa mshahara wake wa kwanza, zikanasa siku ya pili, akawa anavuta na kuvuta huku mwenye bendera anampigia filimbi. Tulimnyanyua watu wawili, kila mmoja kwapa lake, mguu ukachomoka na soksi ikabaki ndani ya buti. Treni ilipita, buti ikawa vipande. Tulichanga tukamnunulia nyingine, namba moja kubwa zaidi ili ziwe rahisi kuvua, na amezivaa mpaka zimeisha.

Sasa wale vijana wanne. Nilimpa geji yule wa vidole viwili, nikamwambia aiweke kwenye pua asome kwa sauti. "997." Mwanya? Safari hii alitumia rula. "44." Sikumwambia afanye nini. Aliinamisha kichwa kidogo, midomo ikichezacheza, akasema "953," kisha akaitazama krosingi, akaitazama spana yenye bomba waliyoihangaikia asubuhi nzima.

"Tunafungua zote, mzee?"

Zote, nikamwambia, na mmoja akimbie kwa stesheni masta aombe njia iendelee kufungwa. Nilivua koti nikashika spana ya pili.