Aldihaidi yangu haiyeyuki kwa maji, nifanyeje?

Swali: Nasoma kemia hapa Kampala. Msimamizi wangu anataka nitoe tolueni, yaani solventi (kiyeyusho) ninayotumia, niweke maji, anasema ndio green, yaani kemia isiyochafua mazingira. Lakini aldihaidi yangu, hio kemikali ninayoanza nayo, inaelea tu juu. Si napoteza muda?

Jibu: Hapana ssebo, hupotezi muda. Hio kuelea sio tatizo, mara nyingi ndio inakusaidia. Tangu sekondari tumefundishwa vitu viyeyuke kwanza ndio viungane, sasa mwaka 2005 kundi la mkemia Sharpless kule Marekani walichukua kemikali mbili, kwadrisaikleni na dimethili azodikaboksileti, wakavikoroga na maji hivyo hivyo bila kuyeyuka, ikaisha kwa dakika 10, na kwa tolueni riaksheni hio hio inapita saa 120. Maji yanavisukuma vitu vya mafuta vikae pamoja, alafu pale mafuta yanapogusana na maji kuna haidrojeni za maji ambazo hazijapata wa kushikana naye, hizo zinaaminika ndizo zinaishika molekuli na kuirahisishia kazi. Kwa hivyo koroga kwa nguvu, nguvu kabisa, mpaka yawe meupe kama maziwa.

Ukitaka kujionea, yeyusha asidi ya babituriki kwa maji ya moto, weka benzaldihaidi, koroga. Bila katalisti (kichocheo) yoyote maji yanaanza kuwa na ukungu, alafu unga unashuka, unachuja, unaosha na maji, unaanika, basi.

Ila sikubaliani kabisa na wanaosema ukishaweka maji umeshakuwa green. Angalia mwisho wa kazi. Kama utavuta prodakti (kile ulichotengeneza) na ethili aseteti, solventi nyingine, mara tatu, solventi umeirudisha kwa mlango wa nyuma. Na ukisema utakausha maji kwa moto, kilo moja inakula kama kilojuli 2,260 kugeuka mvuke, tolueni ni kama 360 tu. Kwa hivyo chagua riaksheni ambayo prodakti inashuka ikiwa ngumu, na maji uliyochuja yatumie tena kwa raundi inayofuata. Usiyamwage kwa sinki tafadhali, mfereji wa Nakivubo unaishia Murchison Bay kule Ziwa Victoria na sehemu kubwa ya maji yetu ya bomba inavutwa Ggaba, ghuba hio hio.

Grignard (kemikali ya magnesiamu) usijaribu na maji, inakufa palepale, na LiAlH4 (lithiamu aluminiamu haidraidi) ndio hatari zaidi, inaweza kuwaka moto.

Niandikie aldihaidi yako ni ipi na unaiunganisha na nini, nikuangalizie kama prodakti itashuka.