Mjomba asema nisome diploma

SWALI: Assalamu aleikum, Bi Mfamasia. Mimi ni msichana wa Lamu, nimepata A- kwenye mtihani wa KCSE wa kidato cha nne na nataka kusomea famasia chuo kikuu cha serikali. Mjomba, ambaye ndiye mlezi wangu, asema napoteza miaka. Nichukue diploma, nifungue duka la dawa. Nimjibu nini?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Mjomba wako hajasema upuuzi. Diploma ya famasia ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ni miaka 3, na mwenye nayo akishasajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu ana kazi yake halali. Hapa Malindi ndio hao unaowakuta kwenye maduka mengi ya dawa. Shahada, pale Chuo Kikuu cha Nairobi, ni miaka 5, kisha kuna mwaka mzima wa mafunzo kazini. Akikuuliza hiyo miaka ya ziada ni ya nini, usimwambie ni ya heshima. Atakucheka, na atakuwa na haki.

Mwambie habari ya aspirini. Kikopo kikiachwa wazi kwenye joto na unyevu wetu huu wa pwani, siku utakayokirudia kitakupiga na harufu ya siki. Muuza dawa atakwambia utupe, na ni kweli. Chuoni utatakiwa ueleze kwamba maji yameivunja ile dawa ikawa asidi ya salisiliki na asidi ya asetiki, na hiyo ya pili ndiyo siki yenyewe. Kisha upime dawa iliyobaki, useme na kifungashio gani kingeiokoa. Kuna na maabara ya kidonge: unakitumbukiza kwenye chombo chenye maji ya nyuzi 37, sawa na joto la mwili, kikasia kinazunguka polepole, nawe unachota kidogo kidogo kuona dawa inatoka kwa kasi gani. Alasiri nzima umesimama. Ujuzi huo ndio unaotakiwa viwandani na kwenye maabara za kupima ubora wa dawa.

Kwa hivyo jiulize wewe kwanza. Kama kemia uliipasi kwa kukariri tu, msikilize mjomba.

Somo la mimea ya dawa utalipenda. Sisi watu wa Lamu hulipenda. Kwinini ilitoka kwenye magome ya sinkona, na artemisinini ya malaria kwenye majani ya Artemisia annua. Lakini usiende na mwarobaini wa nyanya yako ukadhani umemaliza. Utaulizwa kipimo chake na sumu yake.

La kuangalia sana ni jina la kozi unapojaza maombi ya KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo. Shahada ya Famasia ni moja. Shahada ya sayansi iliyotiwa neno "famasia" ubavuni ni nyingine, na huenda isikufikishe kwenye usajili wa mfamasia. Usiulize marafiki. Iulize Bodi yenyewe, kwa jina la chuo na jina la kozi.

Karo, omba mkopo wa HELB mapema, mjomba abaki na chakula na nauli. (Samaki wa Nairobi usiwategemee.)

Ikiwa kemia waipenda kweli, jaza famasia chaguo la kwanza, na habari za diploma msizungumze nyumbani mpaka majibu ya KUCCPS yatoke.