Vidoa vya damu kwenye ngozi si "sumu inayotoka"

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Tanga. Tangu mwezi uliopita natokwa na vidoa vidogo miguuni, vyekundu vinavyoelekea weusi. Haviwashi wala havivimbi. Fizi zinatoa damu nikipiga mswaki, na hedhi ya safari hii ilikuwa nzito kuliko kawaida. Mtaalamu mmoja wa dawa za Kichina aliniambia damu yangu ina moto. Akaniumika mgongoni kwa vikombe, akanipa vidonge vyeusi visivyo na maandishi, kumi na mbili kwa siku. Sasa ni wiki ya pili na vidoa vimeongezeka. Anasema nisiogope, ndiyo sumu inatoka. Tiba ya Kichina inasemaje kuhusu tatizo hili, na je, niendelee?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiendelee. Nenda hospitali leo hii ukapime damu, na hivyo vidonge vibebe uende navyo. Usivitupe, sababu nitakueleza. Vidoa, fizi zinazovuja na hedhi nzito ni dalili tatu zinazosema neno moja: damu yako haigandi inavyotakiwa.

Mimi nilisomea tiba ya Kichina huko huko China na ndiyo inayonilisha mpaka leo, kwa hiyo siandiki haya kwa kuibeza. Kinachonikera ni hilo neno "sumu inatoka". Wagonjwa huja kwangu wamechelewa kwa sababu yake, na kila nikiwauliza nani kawaambia, jibu ni moja: mtaalamu wa Kichina.

Waganga wa China waliviangalia vidoa hivi kwa makini sana. Walitenganisha *ban* na *zhen*. *Zhen* ni upele: ukipitisha kidole unausikia, na ukiubonyeza rangi inafifia. *Ban* iko sawa na ngozi, kidole hakisikii kitu, na hata ubonyeze namna gani rangi haiondoki, kwa sababu damu imeshatoka nje ya mshipa na kukaa chini ya ngozi. Wewe mwenyewe bonyeza kidoa kwa ubavu wa glasi safi ya maji ukitazama kwa ndani. Kikibaki na rangi yake, hiyo ni damu. Ila maelezo ya rangi yaliyomo katika vitabu vyao yanatokana na ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu naanzia kwingine: namwambia mgonjwa apanue mdomo, namulika kaakaa kwa tochi, kisha navuta kope ya chini, namalizia na nyayo. Mara nyingi vidoa ambavyo mguuni vinatia shaka, kwenye kaakaa vinaonekana wazi kama vimechomwa kwa ncha ya sindano.

Sababu kubwa wanazozitaja ni mbili, na matibabu yake hayafanani hata kidogo. Ya kwanza ni joto la damu: ni kama chungu kilichozidishiwa kuni, kinachemka mpaka kinafurika. Vidoa huja ghafla, vyekundu vikali, mgonjwa ana kiu, ulimi mwekundu, mapigo ya mbio. Hapo hutumika dawa za kupoza, na fomula maarufu ni ile iliyomo katika kitabu cha tabibu wa China Sun Simiao cha karne ya 7, yenye mizizi ya *dihuang* na pembe ya faru. Pembe hiyo China yenyewe iliipiga marufuku mwaka 1993, na badala yake hutumika pembe ya nyati wa majini. Anayekunong'oneza kwamba anayo ya faru ni mhalifu au mwongo, na huenda ni vyote viwili.

Sababu ya pili ni wengu dhaifu. Kwao wengu ndio unaoishika damu isitoke njiani. Ukichoka, damu huvuja kama maji kwenye mtungi wa zamani, bila moto wowote. Vidoa hufifia na kurudi, mgonjwa amepauka, anachoka akipanda ngazi, hedhi haikatiki. Huyu hutiwa nguvu kwa fomula kama *Gui Pi Tang*, na ukimpa dawa za kupoza unamzidishia udhaifu. Hukuandika kama mtu huyo aliutazama ulimi wako au alikushika mapigo. Kama hakufanya hivyo, huo moto aliuona wapi?

Hilo la sumu lina chimbuko, na ndiyo maana linadanganya watu. Katika karne ya 18 aliishi Suzhou tabibu aitwaye Ye Tianshi, bingwa wa homa za mlipuko. Alifundisha kwamba vidoa na vipele vinapojitokeza wakati wa homa, mgonjwa akaguliwe kifua, mgongo na mbavu kwa mwanga wa karatasi iliyosokotwa na kuwashwa. Akasema kutokea kwake ni ishara kwamba ubaya uliokuwa ndani unajionyesha nje. Wauza vidonge wameidaka nusu hiyo wakakimbia nayo. Nusu ya pili hawaisemi: Ye Tianshi alitaka vidoa vionekane lakini visiwe vingi, na alisisitiza kwamba vikishatoka mgonjwa apate nafuu, akili imchangamke. Vikitoka huku mgonjwa anazidi kudhoofu na kuchanganyikiwa, kwake hiyo ilikuwa hatari ya kifo. Tena alikuwa akizungumzia homa kali za siku chache. Hakuwa akimzungumzia mama anayevuja fizi mwezi mzima.

Hivyo vikombe navyo hufyonza ngozi mpaka vimishipa vyembamba vinapasuka, ndiyo maana hata mtu mzima wa afya hubaki na alama. Kukwangua mgongo, wanakokuita *gua sha*, ni vivyo hivyo: vidoa vinavyotokea vimetengenezwa na mkono wa anayekwangua. Kumfanyia haya mtu ambaye tayari mishipa yake inavuja ni kumwongezea majeraha, halafu majeraha hayo yanaitwa ushahidi kwamba dawa inafanya kazi! Mwalimu wangu hakuthubutu kuchoma hata sindano moja mgonjwa mwenye vidoa kabla majibu ya maabara hayajarudi. Na ilikuwa hospitali ya tiba asili ya Kichina, yenye makabati ya mizizi kutoka sakafuni hadi darini. Karatasi ya kwanza kwenye faili ilikuwa ya hesabu ya damu.

Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka uipate leo: FBP, yaani kipimo cha hesabu kamili ya chembe za damu, na ndani yake idadi ya chembe sahani, zile zinazoziba mshipa ukitoboka. Kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000 kwa kila maikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 20,000 mtu anaweza kuvuja bila hata kujigonga, na tunachokiogopa zaidi ni kuvuja ndani ya ubongo. Kinga ya mwili inaweza kuwa inaziharibu, uboho, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unaweza kuwa hauzitengenezi, inaweza kuwa dengue, ini, dawa fulani, au saratani ya damu. Ulimi na mapigo havitenganishi mambo hayo, na nakwambia hivyo mimi ninayeshika mapigo kila siku. Wakati unasubiri, usinywe aspirini wala diklofenaki hata kichwa kikiuma.

Sasa vidonge. Vidonge "vya asili" visivyo na jina vimekamatwa mara nyingi katika nchi mbalimbali vikiwa vimechanganywa na steroidi, dawa kali zinazotuliza kinga ya mwili, kama prednisoloni au deksamethasoni. Steroidi huweza kupandisha chembe sahani kwa muda, kwa hiyo kuna wanaoona vidoa vimefutika na kurudi kumshukuru muuzaji. Kama chini yake kulikuwa na saratani ya damu, dawa hiyo huificha, na daktari akija kupima uboho anakuta picha iliyovurugwa. Na mtu aliyezinywa kwa muda akiziacha ghafla anaweza kuzidiwa, kwani mwili umezembea kutengeneza steroidi zake wenyewe. Ndiyo maana nikasema ubebe vidonge, daktari avione na aamue namna ya kuviacha.

Wanaolitumia jina la China kuuza siri wangejua kilichotokea Harbin, mji wa kaskazini mashariki mwa China, wangeona haya. Miaka ya 1970, daktari Zhang Tingdong na wenzake walichukua dawa ya kienyeji iliyotoka vijijini, yenye aseniki, zebaki na sumu ya chura. Wakaitenganisha, wakapima kitu kimoja kimoja kwa wagonjwa wa saratani ya damu, wakaona kinachotibu ni aseniki. Iliwasaidia zaidi wenye aina moja ya saratani hiyo, aina ambayo mara nyingi huanza na vidoa kama vyako na huua kwa kuvujisha damu. Mwaka 2000 Marekani nayo iliidhinisha dawa hiyo. Lakini inaingizwa kwenye mshipa kwa miligramu zilizohesabiwa, moyo ukipimwa na damu ikiangaliwa mara kwa mara, maana bado ni aseniki.

Kwa hiyo yeyote atakayewapa dawa ya Kichina, muulizeni vitu vitatu: jina la kila mzizi uliomo, kiasi chake, na majibu ya damu aliyoyasoma kabla ya kuichagua. Tabibu aliyesoma atayajibu bila kukasirika, kwa sababu aliyajibu hayo hayo mbele ya walimu wake. Na mtoto mwenye homa akitokwa na vidoa visivyofifia chini ya glasi, msiulize chochote kwa mtu wa vikombe wala kwangu. Mchukueni mwende hospitali, hata kama ni saa nane za usiku.