Jukwaa la Zamani Haliokolewi kwa Sahihi: Jinsi ya Kuliingiza Kwenye Orodha ya Urithi Uingereza

Msomaji mmoja anayeishi kaskazini mwa England ameniandikia wiki hii. Klabu ya mtaani kwao inauza uwanja, na upande mmoja wa uwanja huo kuna jukwaa la mashabiki, la chuma na mbao, ambalo wazee wanasema lilijengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wamekusanya sahihi, wamechapisha fulana, wamepata nafasi redioni. Anauliza wafanye nini tena. Ndugu yangu, jibu litakuuma kidogo: karibu vyote mlivyofanya havimo kwenye mizani ya watu wanaoamua jengo gani liingie kwenye orodha ya urithi, ile inayozuia jengo lisivunjwe bila kibali. Lakini kama jukwaa bado limesimama, hamjachelewa.

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi huomba bila kuisoma. England huorodhesha majengo kwa sheria ya mwaka 1990, na kigezo ni kimoja tu: jengo liwe na umuhimu wa pekee wa kiusanifu au wa kihistoria. Scotland na Wales zina taasisi zao na taratibu zao, kwa hiyo mlioko Glasgow au Cardiff msifuate fomu za huku. Taasisi inayochunguza ni Historic England. Anayeamua ni waziri anayesimamia utamaduni, kwa ushauri wao. Katika hatua hii hawaulizi kama ukarabati ni ghali, kama mmiliki anataka, wala kama mtaa unalipenda jengo. Maswali hayo yana wakati wake, baada ya jengo kuorodheshwa, pale mtu anapoomba kibali cha kulibadilisha au kulibomoa. Ndiyo maana sahihi elfu kumi hazisogezi kitu, na karatasi moja ya mchoro wa mwaka 1905 inaweza kusogeza kila kitu.

Kuna madaraja matatu: la I, la II lenye nyota, na la II. Zaidi ya asilimia 90 ya majengo yote yaliyoorodheshwa yamo daraja la II, na majukwaa ya michezo mengi yako humo. Msilidharau. Kulivunja au kulibadilisha jengo la daraja la II bila kibali ni kosa la jinai, lenye faini isiyo na kikomo au kifungo cha hadi miaka 2.

Sasa jambo ambalo watu hulikosea kuliko yote. Kinachoorodheshwa ni jengo. Nyasi haziorodheshwi, mchezo hauorodheshwi, wala haki ya klabu kuendelea kucheza pale. Tazama Craven Cottage, uwanja wa Fulham jijini London. Jukwaa la Stevenage Road, ambalo leo linaitwa Johnny Haynes, lilibuniwa na Archibald Leitch, mbunifu mashuhuri wa viwanja vya mpira, mwaka 1905 na liliorodheshwa mwaka 1987, pamoja na kile kijumba cha pembeni. Ng'ambo yake, upande wa mto, kulikuwa na jukwaa la mwaka 1972 lisilo na ulinzi wowote. Lilivunjwa mwaka 2019 na mahali pake pamejengwa jipya kubwa. Uwanja ni ule ule, klabu ni ile ile, ila majengo mawili yana hatima mbili tofauti. Highbury nako, uwanja wa zamani wa Arsenal, jukwaa la mashariki la mwaka 1936 limo kwenye orodha, na bado klabu ilihama mwaka 2006, jukwaa likageuzwa nyumba za kuishi, kiwanja kikawa bustani. Ukuta upo. Mpira haupo. Mbio za mbwa za Walthamstow zilipata hali hiyo hiyo: sehemu ya mbele iliorodheshwa mwaka 2007, mwaka uliofuata uwanja ukafungwa, na ndani ya eneo zimejengwa nyumba.

Hata kuorodheshwa kwenyewe si kinga kamili. Wembley ya zamani, ile ya mwaka 1923 yenye minara miwili myeupe, ilikuwa daraja la II. Kibali cha kubomoa kilitolewa, na minara ikaangushwa mwaka 2003. Orodha inamlazimisha mmiliki aombe ruhusa na aeleze kwa nini. Kwa daraja la II, mwongozo wa mipango wa taifa unasema ubomoaji uwe wa nadra. Haukusema usiwepo kabisa. Nawaambia haya mapema kwa sababu nimechoka kuona vikundi vinasherehekea siku ya kuorodheshwa halafu vinavunjika, kumbe kazi ya kulinda ndiyo kwanza inaanza.

Sasa maombi. Kuomba ni bure, mtu yeyote anaweza, na ruhusa ya mmiliki haihitajiki. Fomu hujazwa kwenye tovuti ya Historic England. Mtaombwa anwani kamili, ramani yenye jengo limezungushiwa mstari, picha za sasa, historia, sababu za umuhimu wake, na kama kuna hatari, ni ipi na lini. Kama kuna ombi la ujenzi halmashauri, andikeni namba yake. Wanatanguliza majengo yaliyo hatarini, na neno "tunasikia watauza" halina uzito wa namba ya faili.

Sehemu ya historia ndiyo inayoua maombi mengi. Viwanja vya mpira karibu vyote vimejengwa baada ya mwaka 1850, na kwa majengo ya kipindi hicho uteuzi ni mkali kwa sababu yapo mengi. Mchunguzi atajiuliza maswali matatu: limejengwa lini hasa, na nani, na limebaki kiasi gani cha lilivyokuwa. Hadithi za magoli hazijibu hata moja. Nendeni kwenye hifadhi ya nyaraka ya wilaya mkaombe michoro iliyopelekwa halmashauri kupata kibali cha ujenzi. Mara nyingi iko pamoja na michoro ya mifereji ya maji machafu, na ina tarehe na jina la mbunifu. Chukueni ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, za miaka tofauti muone jukwaa linaanza kuonekana kwenye toleo gani. Someni magazeti ya mtaa ya wiki ya ufunguzi. Tafuteni picha za angani za Aerofilms, kampuni iliyoanza kupiga mwaka 1919, kwa sababu picha ya juu inaonyesha umbo la paa ambalo picha ya mechi haiwezi kuonyesha.

Kisha jengo lenyewe. Anzeni na paa: kenchi ni za chuma au za mbao, nguzo ni za chuma cha kalibu au chuma kilichoungwa kwa ribiti (pini nene za chuma), mabati ni ya zamani au yamebadilishwa? Mabati mapya hayaui ombi, mradi kenchi ni zile zile. Viti vya mbao vya asili ni hazina. Jukwaa la Craven Cottage bado lina vyake. Tazameni ukingo wa ghorofa: Leitch alipenda kuufunga kwa vyuma vilivyopishana kama herufi X, na alama hiyo peke yake inatosha kuwaamsha wachunguzi. Milango ya kuingilia mashabiki, vibanda vya tiketi, ukuta wa tofali unaotazama barabarani, vyote vipigwe picha, mbele na nyuma, karibu na mbali. Msiruke uzio kupiga picha. Ombeni ruhusa, na mkikataliwa pigeni kutoka barabarani na mseme hivyo kwenye fomu.

Semeni ukweli kuhusu kilichobadilika. Baada ya moto wa Bradford wa Mei 1985 ulioua watu 56, majukwaa ya mbao nchi nzima yaliguswa au kufungwa. Baada ya maafa ya msongamano wa mashabiki kwenye uwanja wa Hillsborough mwaka 1989 na ripoti ya jaji Taylor ya mwaka 1990, ngazi za kusimama ziliondolewa kwenye viwanja vikubwa. Ukificha mabadiliko haya mchunguzi atayaona akifika, na atakutilia shaka kwenye mengine. Ukiyaeleza, yanakusaidia, kwa sababu ndiyo yaliyofanya vilivyobaki viwe adimu.

Uadimu huthibitishwa kwa kulinganisha. Jukwaa la mbao la uwanja wa Wellesley huko Great Yarmouth, la mwaka 1892, limo daraja la II. Kama lenu ni la umri wa karibu na hapo, liwekeni kando ya lile mseme wazi linafanana wapi na linazidi wapi. Kama mnadai ni la Leitch, leteni ushahidi wa jina lake, maana kila mtaa wenye jukwaa kuukuu hudai ni lake. Na msidhani jina lake linatosha: jukwaa lake la Trinity Road pale Villa Park, la miaka ya 1920, lilikuwa miongoni mwa mazuri kuliko yote aliyojenga, halikuwa na ulinzi huu, na lilivunjwa mwaka 2000. Hilo bado linaniuma. Kwa upande mwingine, umri mdogo si kizuizi: uwanja wa skeitibodi wa Rom huko Hornchurch, wa mwaka 1978, uliorodheshwa mwaka 2014 kwa sababu umbo lake lilikuwa kamili na wa aina yake wachache wamebaki.

Mkishatuma, Historic England wakilichukua ombi humjulisha mmiliki na halmashauri, na humpa kila upande siku 21 kutoa maoni juu ya ripoti ya awali. Hapo ndipo hatari ilipo. Mmiliki akijua, na jengo bado halina ulinzi, katapila laweza kuingia kabla ya sahihi ya waziri. Hili si la kufikirika. Kiwanda cha Firestone magharibi mwa London kilivunjwa wikiendi ya sikukuu ya Agosti 1980, siku chache tu kabla ya kuorodheshwa.

Dawa yake ni amri ya muda ya kuhifadhi jengo, inayotolewa na halmashauri. Ikishapelekwa kwa mmiliki, jengo linalindwa kama lililoorodheshwa kwa hadi miezi 6. Mbona halmashauri hazipendi kuitoa? Kwa sababu jengo likikosa kuorodheshwa, mmiliki anaweza kudai fidia kutoka kwao. Kwa hiyo msiende kwa afisa wa urithi mikono mitupu. Mpelekeeni faili lile lile mlilopeleka Historic England, ili aone uwezekano wa kushindwa ni mdogo. Zungumzeni naye kabla ya kutuma fomu.

Chunguzeni pia kama mmiliki amekwisha kupata cheti cha kinga dhidi ya kuorodheshwa. Cheti hicho hudumu miaka 5, na kikiwepo jengo haliwezi kuorodheshwa wala kupewa amri ya muda. Nimeona watu wakitumia miezi kuandaa faili juu ya jengo lenye cheti hicho. Orodha ya vyeti iko wazi. Kuitazama ni kazi ya dakika 10.

Na kiwanja chenyewe? Hapo mnahitaji silaha nyingine. Sheria ya mwaka 2011 inaruhusu kikundi cha wakazi wasiopungua 21 walio kwenye daftari la wapiga kura kuiomba halmashauri itambue mahali kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Utambuzi hudumu miaka 5. Kwa sheria ilivyoandikwa, mmiliki akitaka kuuza mna wiki 6 za kusema mnataka kushindana, na mkisema, mauzo husimama kwa jumla ya miezi 6. Muswada uliofikishwa bungeni mwaka 2025 ulilenga kufanya muda huo uwe miezi 12, kwa hiyo ulizeni halmashauri sheria ikoje siku mnapoomba. Hapa ndipo zile sahihi zenu, fulana na redio zina kazi, kwa sababu hapa kinachopimwa ni maisha ya watu na mahali pao. Ombeni njia zote mbili, kwa karatasi mbili tofauti, na msichanganye hoja: mapenzi ya mtaa kwenye fomu ya jamii, ribiti na tarehe kwenye fomu ya urithi.

Mkikataliwa, mna siku 28 tangu tarehe ya uamuzi kuomba mapitio kwa wizara. Hawasikilizi malalamiko kwamba hawakulipenda jengo lenu. Wanataka muonyeshe kosa katika utaratibu au ushahidi mpya wenye uzito, kwa hiyo endeleeni kupekua hifadhi hata baada ya kutuma fomu. Mchoro uliokosekana huweza kutokea kwenye sanduku la mifereji wiki ya tatu, na siku 28 huisha haraka.