Kuchangia wagonjwa wa tiba shufaa hapa Wete: anzeni na daftari

Waalaykum salaam, dada. Umeuliza vipi nyinyi vijana wa shehia mtawachangia wagonjwa wa tiba shufaa (wenye maradhi mazito, wanaotunzwa ili wapunguziwe maumivu) wanaouguzwa majumbani, na kama Ramadhani ndio wakati.

Ramadhani ni wakati mzuri, lakini hapo ndipo hesabu huharibika. Zaka ina watu wake maalumu. Haiendi kwenye mafuta ya gari wala chai ya wajitoleaji. Kila anayetoa muulizeni, "Zaka au sadaka?" na muandike kwenye risiti yenye nakala. Daftari mbili, bahasha mbili. Benki wekeni watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa. Ndugu wawili wa nyumba moja wasiwe pamoja, maneno hayatakwisha.

Kabla ya kuchangisha, muoneni sheha na muuguzi wa kituo. Msinunue kwa kukisia. Boksi la glavu 100 ni pea 50 tu: mkimbadilisha mgonjwa mara 3 kwa siku, siku 17 hazifiki. Pampasi za watu wazima pimeni kiuno na nyonga. Watu hukimbilia kubwa, na kwa mgonjwa aliyekonda mkojo hupita mapajani. Mpira wa kitanda nunueni miwili, mmoja ukioshwa mwengine utandikwe.

Dawa msikusanye, hasa zilizobaki kwa marehemu. Zirudi kituoni.

Wajitoleaji waende wawili wawili, mmoja mwanamke akiwa mgonjwa ni mwanamke. Picha za mgonjwa kwenye WhatsApp, hata akikubali, mimi ningekataa.